Mchwa wanaofanana kwa sura na kutofautiana kwa vinasaba: tuwasomeje kwenye ramani ya tropiki?

MtafitiMchanga (mleta mada):

Ndugu wanajukwaa, salamu. Ninaandaa andiko la utafiti kuhusu tofauti za kijenetiki za mchwa katika kanda tatu za uoto wa tropiki, yaani msitu wa mvua, savana yenye miti na nusujangwa, na kabla ya kuliwasilisha kwa msimamizi wangu ningependa lipitiwe na macho makali kuliko yangu. Nilianza nikiwa na picha nyepesi. Mchwa si hodari wa kuruka: kumbikumbi hutoka kichuguuni katika siku chache za mwaka, mara nyingi baada ya mvua, huruka kwa muda mfupi, huangusha mbawa, hutafuta mwenza na kuchimba shimo. Nikahitimisha kwamba umbali peke yake ungetosha kueleza kila kitu: makundi yaliyo jirani yangefanana kwa jeni, yaliyo mbali yangetofautiana, na ramani ya vinasaba ingekuwa kivuli tu cha ramani ya kilomita.

Kadiri ninavyosoma, picha hiyo inaniponyoka. Kwanza, mdudu huyu asiyejua kwenda mbali yuko Afrika, Asia, Australia na Amerika, na hata katika visiwa vilivyozungukwa na bahari kuu. Nimekuwa nikijieleza kwamba alisambaa wakati mabara ya kusini yalipokuwa bado yameungana, lakini sina hakika kama hesabu ya miaka inakubali. Pili, vitabu vya utambuzi vinanipa jina moja kwa mchwa wanaopatikana kuanzia kingo za msitu hadi nyika kame, ilhali makala za jenetiki zinazungumzia spishi zilizojificha ndani ya jina hilohilo moja. Je, ninachokwenda kupima ni tofauti ndani ya spishi moja, au ninakwenda kupima spishi kadhaa bila kujijua? Swali la tatu ni la utendaji: nimepanga kuchukua mchwa 30 katika kila kituo, kutoka kichuguu kimoja au viwili vikubwa, kisha kusoma kipande kimoja cha vinasaba vya mitokondria, yaani vile vya viwanda vidogo vya nishati ndani ya seli. Je, idadi hiyo inatosha?

MzeeWaVichuguu:

Mtafiti, nianze na swali lako la kwanza, kwa sababu wengi wetu tulifundishwa jibu hilohilo la mabara yaliyoungana na tukalibeba kwa miaka mingi bila kulihoji. Hesabu ya miaka haikubali, angalau kwa mchwa walio wengi leo.

Mchwa ni tawi la mende. Ndugu yao wa karibu zaidi aliye hai ni mende wa jenasi Cryptocercus, anayeishi ndani ya magogo yanayooza huko Amerika Kaskazini na Asia, na makadirio yanayounganisha vinasaba na visukuku yanaweka mwanzo wa mchwa takriban miaka milioni 150 iliyopita. Kwa matawi hayo ya kale, hoja ya mabara yaliyoungana bado ina nafasi. Lakini familia ya Termitidae, ambayo ndiyo yenye karibu robo tatu ya spishi takriban 3,000 zilizokwisha kuelezwa, ilitokea yapata miaka milioni 50 iliyopita, na ushahidi uliopo unaielekeza Afrika kuwa ndiko ilikoanzia. Kufikia wakati huo Afrika na Amerika Kusini zilikuwa zimekwisha kutengana kwa makumi ya mamilioni ya miaka. Kwa hiyo babu wa mchwa wa Amazon hakupita nchi kavu. Alivuka bahari, na chombo chake, kwa kadiri tunavyoweza kukisia, kilikuwa gogo linaloelea.

Hapa ndipo kipimo chako cha uhodari wa kuruka kinapokosea. Mchwa anayekula mti na kuishi ndani ya mti husafiri pamoja na nyumba yake na chakula chake. Watazame mchwa wa mti mkavu wa familia ya Kalotermitidae: koloni zima huweza kukaa ndani ya kipande kimoja cha mti, halihitaji kugusa udongo, na wafanyakazi wake wengi wana uwezo wa kugeuka kuwa wazazi iwapo mfalme au malkia akifa njiani. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba familia hiyo imevuka bahari takriban mara 40 katika miaka milioni 50 iliyopita. Haya si matendo ya mdudu asiyejua kusafiri.

Linganisha na mchwa wafuga kuvu, wale wa nusufamilia ya Macrotermitinae wanaojenga vichuguu vikubwa tunavyovijua. Wao walianza kulima kuvu wa Termitomyces mara moja tu katika historia, takriban miaka milioni 30 iliyopita, tena (jambo hili hushangaza watu) ndani ya msitu wa mvua wa Afrika, si kwenye savana. Waliingia Asia mara kadhaa, lakini hawajafika Amerika wala Australia kwa njia zao wenyewe. Sababu inaeleweka ukifikiri kidogo: katika jenasi nyingi za kundi hili, kumbikumbi huondoka nyumbani bila mbegu za kuvu, na koloni changa hulazimika kuziokota katika mazingira mapya. Wakifika pwani ambayo Termitomyces haipo, wamekwisha. Microtermes ni tofauti, kwa kuwa kumbikumbi jike huondoka akiwa amebeba mbegu za kuvu tumboni, na ni jenasi hiyo iliyovuka mlango wa bahari na kuikalia Madagaska. Mimi siamini kwamba hiyo ni bahati tupu.

Nikuonye pia dhidi ya kuisoma ramani ya leo kana kwamba ni ramani ya asili. Mastotermes darwiniensis, mchwa anayefanana na mende kuliko wenzake wote hata kwa namna anavyotaga mayai yake yakiwa yamegandamana, leo yuko kaskazini mwa Australia tu kama mkazi wa asili. Mtu asiye na visukuku angesema tawi hilo ni la Australia tangu mwanzo. Visukuku vya jenasi hiyohiyo vimepatikana Uingereza, na ndani ya kaharabu (utomvu wa miti uliogeuka jiwe) ya Meksiko na ya Jamhuri ya Dominika. Alikuwa kila mahali, akabaki pembe moja.

DadaWaJeni:

Mzee amelimaliza la kwanza, mimi nitajibu la tatu kabla ya la pili, kwa sababu mpango wako wa ukusanyaji una kasoro ambayo hakuna takwimu itakayoweza kuirekebisha baadaye.

Mchwa 30 wa kichuguu kimoja si sampuli 30. Katika koloni la kawaida lenye mfalme mmoja na malkia mmoja, wote hao ni watoto wa baba na mama mmoja, kwa hiyo ndani ya hao 30 una jeni za watu wawili tu, kama utaniruhusu kusema hivyo. Ukisoma vinasaba vya mitokondria, ambavyo hurithiwa kutoka kwa mama peke yake, utapata mfuatano mmoja uliorudiwa mara 30. Vituo vyako viwili vitaonekana vimetengana kabisa kijenetiki, nawe utaandika kwamba savana na msitu havibadilishani jeni, wakati ulicholinganisha ni familia mbili. Kipimo cha utafiti wa aina hii ni koloni. Chukua mchwa mmoja kwa kila koloni unapotaka kulinganisha makundi, na chukua wengi kutoka koloni moja pale tu unapotaka kujua mambo ya ndani ya koloni lenyewe. Makoloni 30 kwa kituo, mchwa mmoja kila koloni, yana thamani kubwa kuliko mchwa 1,000 wa vichuguu viwili.

Nimesema "koloni la kawaida," lakini ukawaida huo una mipaka, na hapa ndipo mchwa wanapovutia. Nchini Kenya, uchunguzi wa vinasaba vya Macrotermes michaelseni ulionyesha makoloni yenye malkia zaidi ya mmoja wasio na undugu wowote, wakiishi pamoja ndani ya kichuguu kimoja. Kwa Mastotermes hali ni ya upande mwingine: malkia mwanzilishi haonekani karibu kabisa, na koloni huendeshwa na wazazi wa akiba waliokulia humohumo, ndugu wakizaana na ndugu kizazi baada ya kizazi. Huko Guyana ya Kifaransa kuna Embiratermes neotenicus, ambaye malkia wake mwanzilishi huzaa wafanyakazi na askari kwa mbegu za mfalme, lakini warithi wake wa kike huwazaa bila mbegu za dume, ili nafasi yake ishikwe na mabinti wenye jeni zake pekee. Ukiwapima mabinti hao bila kujua, utadhani umegundua kundi lililodhoofika kwa uzazi wa ndugu, ilhali wafanyakazi wa koloni hilohilo hawana dalili hiyo hata kidogo.

Jambo jingine dogo ambalo limewahi kuwaponza wanaotoka kwenye utafiti wa nyuki na sisimizi: kwa mchwa, dume na jike wote wana seti mbili za kromosomu. Usikopi hesabu za undugu kutoka kwenye makala za nyuki.

Sasa swali la pili. Je, umbali hauna kazi? Unayo. Katika tafiti nyingi makoloni yaliyo karibu hufanana zaidi, hasa kwa spishi ambazo koloni hugawanyika kwa kutanuka chini ya ardhi badala ya kutegemea kumbikumbi peke yao. Lakini umbali ni hoja ya mwisho kuitumia, si ya kwanza, kwa kuwa kabla ya kuuliza makundi mawili yako umbali gani ni lazima ujue kama yanaoana. Mfano mzuri ni Cubitermes, mla udongo anayejenga vichuguu vidogo vyenye umbo la uyoga. Nchini Gabon, mchwa waliokuwa wakiitwa kwa jina moja linalokaribia Cubitermes subarquatus walipopimwa kwa alama za vinasaba vya kiini cha seli, vinavyorithiwa kwa baba na mama, walijigawa katika spishi kadhaa ambazo macho hayakuweza kuzitenganisha kwa urahisi. Mtu ambaye angewachanganya wote katika jedwali moja angepata tofauti kubwa ya kijenetiki mahali padogo, na angetafuta mto au mlima wa kuulaumu. Kizuizi hakikuwa kwenye ardhi. Kilikuwa ndani ya wadudu wenyewe.

MtafitiMchanga:

Ahsanteni sana. Nakiri kwamba jibu la Dada limenitoa jasho, lakini ni afadhali kutoka sasa kuliko mbele ya jopo.

Niulize zaidi kuhusu msitu na savana, kwa kuwa ndio moyo wa andiko langu. Ningetarajia savana, yenye upepo na uwazi, iwe na mtiririko mkubwa wa jeni, yaani makundi yabadilishane jeni kwa wingi, na msitu uwe na makundi yaliyojitenga. Je, matarajio haya yana msingi, au nimejitungia? Tena, naweza kuitumia sura ya kichuguu kunisaidia kutambua spishi shambani, walau kwa mchujo wa awali?

UdongoMwekundu:

Nianze na kichuguu, kwa kuwa jibu lake ni fupi: kitumie kama dokezo, usikitumie kama cheti. Nchini Kenya, eneo la Tsavo, Macrotermes subhyalinus hujenga vichuguu vyenye matundu wazi na Macrotermes michaelseni hujenga vilivyofungwa, kwa hiyo hapo umbo linakusaidia kweli. Lakini kaskazini mwa Australia, Amitermes laurensis, spishi moja kwa jina, hujenga vichuguu bapa vilivyoelekezwa kaskazini na kusini pale ambapo ardhi hujaa maji msimu wa mvua, na vichuguu vya kawaida vya mviringo pale ambapo maji hutiririka na kwenda zake. Umbo hapo linakueleza habari za udongo na maji kabla ya kukueleza habari za ukoo.

Kuna kosa jingine la vichuguu ambalo Dada hakuligusa. Kichuguu si koloni. Vichuguu vikubwa vya Macrotermes falciger katika miombo ya eneo la Lubumbashi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, vimepimwa umri na kukutwa vina kati ya miaka 750 na 2,200 hivi. Hakuna malkia aliyewahi kuishi hata sehemu ndogo ya muda huo. Vingine ni vikongwe zaidi: katika eneo la Namaqualand, Afrika Kusini, vilima vya Microhodotermes viator vilivyopimwa vilifika umri wa takriban miaka 34,000, na bado vina mchwa ndani. Nyumba ni moja, wapangaji wamekuwa wakibadilishana. Ukirudi mwaka ujao kwenye kichuguu kilekile kuongeza sampuli, usiandike moja kwa moja kwamba ni koloni lilelile mpaka vinasaba vikubali.

Kuhusu msitu na savana, matarajio yako yana msingi lakini yamesimama kwa mguu mmoja. Umeuangalia upepo, hukuangalia chakula. Msituni, hasa katika bonde la Kongo, ambako utajiri wa mchwa wanaokula udongo haujapata mshindani duniani, spishi nyingi huishi kwa kula udongo wenye mabaki ya mimea yaliyokwisha kuoza. Wana ngozi laini, wanategemea unyevu usiokatika, na vijia vyao viko chini ya kivuli. Kwa mchwa wa namna hiyo, kipande cha nyasi kinachotenganisha misitu miwili ni kama bahari. Wafuga kuvu wa savana wanaonekana mashujaa wa ukame, lakini ukikumbuka alichosema Mzee, kwamba walianzia msituni, utaelewa kwamba hawakuuzoea ukame sana. Walihama na msitu wao. Chumba cha kuvu ndani ya kichuguu kina unyevu na joto la kudumu lililo karibu na la msitu wa mvua, huku nje nyasi zikikauka na kuungua. Ndiyo maana aina moja ya Macrotermes inaweza kuenea katika eneo kubwa sana la savana, wakati ndugu zao wala udongo wanabadilika spishi baada ya mwendo mfupi.

Halafu weka historia juu ya hayo. Takriban miaka 20,000 iliyopita, wakati barafu ilipotanda kaskazini mwa dunia, tropiki ilikuwa kavu na baridi kuliko leo, na misitu ya mvua ya Afrika ilipungua na kugawanyika. Mchwa wa msitu waliobaki katika vipande hivyo walikaa mbalimbali kwa muda mrefu, na msitu uliporudi kuungana, jeni zao hazikulazimika kuungana nao. Kwa wale wa savana kipindi hichohicho kilikuwa neema, kwani makao yao yalitanuka. Kwa hiyo unapokuta makundi mawili ya msituni yanatofautiana sana ingawa leo msitu umefungamana kati yao, tatizo si ramani yako. Ni kwamba unatazama ramani ya leo wakati jeni zinasoma ya zamani. Na unapokuta savana kubwa yenye vinasaba vinavyofanana, usikimbilie kusema kumbikumbi wanaruka mbali. Huenda ni kundi dogo lililotanuka juzi tu, kwa hesabu ya jiolojia, na halijapata muda wa kutofautiana. Mtiririko wa jeni na utanukaji wa karibuni huacha alama zinazofanana katika kipimo chepesi, na kuzitenganisha kunahitaji alama nyingi za vinasaba, si kipande kimoja.

Nusujangwa nayo usiichukulie kama ukingo maskini ulioongezwa ili jedwali lijae. Spishi huko ni chache, ndiyo, lakini kazi yao ni kubwa. Jaribio lililofanyika katika zaidi ya maeneo 130 duniani na kuchapishwa mwaka 2022 lilionyesha kwamba kasi ya mchwa kugundua na kula mti uliokufa huongezeka zaidi ya mara 6 kwa kila ongezeko la nyuzi joto 10 za Selsiasi, na maeneo ya joto yenye ukame wa msimu ndiyo yaliyoongoza kwa mchwa kuufikia mti, si msitu wa mvua. Ikiwa mipaka ya joto itasogea, makundi yaliyo ukingoni ndiyo yatakayosogea nayo, na jeni zao ndizo zitakazoanzisha makoloni mapya.

MzeeWaVichuguu:

Namuunga mkono UdongoMwekundu kwa mengi, ila niweke pingamizi moja. Hoja ya vipande vya msitu wa kale imegeuka kuwa kapu la kutupia kila matokeo yasiyoeleweka. Baadhi ya migawanyiko inayopatikana kati ya mchwa wa msituni ina umri wa mamilioni ya miaka, na barafu ya miaka 20,000 iliyopita haiwezi kubebeshwa mzigo huo. Ukavu na unyevu vimepishana mara nyingi kabla ya hapo. Mtafiti akadirie umri wa mgawanyiko kwanza, ndipo achague tukio la kuulaumu.

UdongoMwekundu:

Pingamizi nalipokea, Mzee. Nilipaswa kusema kwamba kipindi hicho ni cha mwisho katika mfululizo mrefu, na kwamba kwa spishi nyingi kiliongeza tu ufa uliokuwepo.

Bandarini:

Naomba niongeze upande ambao hamjaugusa, kwa kuwa kazi yangu ni ukaguzi wa mizigo ya mbao. Baadhi ya ramani za mchwa za leo zimechorwa na meli. Cryptotermes brevis, mchwa wa mti mkavu anayekula samani na paa katika miji mingi ya tropiki, ametambuliwa kwamba asili yake ni jangwa la pwani ya Peru na Chile, na hadi hapo watu walikuwa wamekwisha kumkuta karibu kila bara bila kumwona porini. Coptotermes formosanus ametoka China na Taiwan akafika Hawaii na kusini mwa Marekani. Coptotermes gestroi wa Asia ya Kusini-Mashariki amefika Brazil na Florida. Huko Florida spishi hizo mbili za mwisho, ambazo ni za matawi mbalimbali ya jenasi yao, zimekutana, na mwaka 2015 wataalamu waliripoti kwamba siku za kuruka za kumbikumbi wao zinapoingiliana, madume ya gestroi huwafuata majike ya formosanus na kuanzisha makoloni chotara.

Kwa Mtafiti maana yake ni hii: kabla ya kushangaa kuwa kituo chako kimoja kina mfuatano wa vinasaba unaofanana na wa bara jingine, uliza kama spishi hiyo hukaa ndani ya mti. Kama ndivyo, na kama umeikusanya karibu na makazi ya watu, itenge katika uchambuzi. Kundi lililoanzishwa na wageni wachache huwa na jeni chache, na uchache huo hauhusiani na uoto wa mahali hapo.

MtafitiMchanga:

Nimeuandika upya mpango, na nauweka hapa ili mnikosoe. Nimeacha wazo la kulinganisha "mchwa" kwa jumla. Nitachukua makundi mawili yenye maisha tofauti: Macrotermes, mfuga kuvu, katika savana na nusujangwa, na mmoja wa wala udongo katika msitu na vipande vya msitu vilivyozungukwa na savana. Kipimo ni koloni, mchwa mmoja kwa koloni, makoloni yasiyopungua 25 kwa kituo, na vituo vya kila kundi vitakuwa katika umbali unaoongezeka hatua kwa hatua, ili nione umbali unafanya nini ndani ya uoto mmoja kabla ya kuvuka kwenda uoto mwingine. Katika makoloni machache nitachukua wafanyakazi 20 ili nijue idadi ya wazazi. Mitokondria nitaitumia kwa kupanga koo, na alama za vinasaba vya kiini kwa kupima mtiririko wa jeni.

Nimebakiwa na wasiwasi wa msituni, ambako vichuguu havionekani kwa urahisi na mchwa wengi wako ndani ya udongo. Nimefikiria kutumia ule mstari wa uchunguzi wa mita 100 kwa 2 uliogawanywa vipande 20, ambao wengi huutumia kuhesabu spishi.

DadaWaJeni:

Sasa hili ni andiko. Mstari huo wa mita 100 ni mzuri kwa kazi uliyoundiwa, yaani kujua kuna spishi gani mahali fulani, na kwa kuwa kila kipande cha mita 5 hupekuliwa kwa muda uleule, vituo vinaweza kulinganishwa. Kwa jenetiki una hatari moja: koloni moja huweza kuwa na njia za chini ya ardhi zinazopita vipande kadhaa, na spishi nyingine hutafuta chakula makumi ya mita kutoka kwenye kiota. Utadhani umepata makoloni manane kumbe ni moja. Tumia mstari huo kujua kuna nani, kisha kwa ajili ya vinasaba toka nje yake na uache nafasi ya kutosha kati ya sampuli, na hata hivyo zikague kwa alama za kiini kuona kama kuna zinazotoka katika familia moja.

Kuhusu mitokondria, ongeza tahadhari ya Wolbachia. Bakteria huyo hurithiwa kutoka kwa mama kama mitokondria yenyewe, na amekutwa kwa mchwa, wakiwemo Cubitermes wale wa Gabon. Anapoenea katika kundi huburuta aina moja ya mitokondria pamoja naye, nawe utaona mfuatano mmoja umetawala ukadhani kundi lilipita katika tundu la sindano, yaani liliwahi kupungua sana. Vinasaba vya kiini vikikataa hadithi ya mitokondria, mpime bakteria kabla ya kuandika historia ya msitu.

Mengine ni ya mikono. Hifadhi sampuli katika alkoholi ya asilimia 95 au zaidi, si ile ya 70 inayotumika makumbusho, na uibadilishe baada ya siku ya kwanza, kwa sababu mchwa wana maji mengi na huidhoofisha. Toa vinasaba kwenye kichwa na kifua, usitumie tumbo. Tumbo la mchwa limejaa bakteria, na kwa wala udongo limejaa asidi za mboji ambazo huzuia vinasaba visinakilike maabarani. Nimewahi kupoteza msimu mzima wa sampuli kwa kosa hilo. Chukua askari pamoja na wafanyakazi katika kila koloni, kwa kuwa utambuzi wa spishi nyingi unategemea vichwa vya askari. Na ukikutana na mchwa wa msituni wasio na askari kabisa, usidhani umewakosa kwa bahati mbaya: ndani ya nusufamilia ya Apicotermitinae wamo wengi wasio na askari, na hao hutambuliwa kwa kuwapasua wafanyakazi na kuangalia matumbo yao yalivyojikunja. Kwa hiyo matumbo hayo usiyatupe. Yatie katika chupa ya pili yenye namba ileile ya koloni.